Rada ya Trafiki Hutamka Nusu ya Sentensi

Mwanafunzi akiandika katika insha "alikwenda mbio mno" bila ya kumtaja mtu hapo awali, mwalimu humwandikia pembeni kwa wino mwekundu: nani? Kiambishi hudokeza kwamba yupo mtendaji. Hakisemi ni yupi. Swali hilo hilo lafaa kuulizwa barabarani kila askari wa trafiki anapomwonyesha dereva tarakimu za kifaa cha kupimia kasi. Tarakimu ni kiarifu. Kiima hakimo.

Nayasema haya nikiifikiria hasa miji ya Malaba na Busia. Barabara itokayo Eldoret kupitia Webuye na Bungoma huishia Malaba, na ile ya kutoka Kisumu huishia Busia. Trela za mizigo, matatu, magari madogo na pikipiki hubanana humo mchana kutwa. (Mpaka huu ndio uliotupa neno bodaboda, enzi za waendesha baiskeli waliowavusha watu baina ya vituo viwili, hao hawakuhitaji rada.) Sheria ya Kenya huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini. Nje ya mji, lori na gari la abiria ni 80, na gari la binafsi ni 110 katika barabara kuu. Basi tarakimu 95 ni kosa ikiwa ni ya trela, na si kosa ikiwa ni ya gari la binafsi lililo ubavuni pake.

Wengi hudhani rada huliona gari. La, huusikiliza mwangwi wake. Kila msomaji amewahi kusikia honi ya lori ikilia kwa sauti ya juu linapokaribia, kisha sauti ikashuka ghafla linapopita. Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, aliieleza kanuni hiyo mwaka wa 1842. Aina moja ya rada ya polisi hurusha mawimbi ya redio yatetemayo mara bilioni 24.15 kwa sekunde. Yakigonga gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa, hurudi yakiwa yameongezeka mitetemo 3,580 hivi kwa sekunde. Ongezeko hilo ndilo kasi. Laweza pia kugeuzwa likawa mlio unaosikika, jambo linalonifurahisha mimi niliyezoea kufundisha fonetiki.

Tatizo ni kwamba mawimbi hayo hutanuka kama mwanga wa tochi. Mwale wa nyuzi 12, ukifika mita 100, huwa na upana wa mita 21 hivi: barabara nzima na kando zake. Humo mna bodaboda mbele na trela nyuma yake. Bati pana la trela hurudisha mwangwi mzito kuliko pikipiki, na kifaa kwa kawaida huushika ulio na nguvu zaidi. Askari asipoangalia, kasi ya trela humwangukia mwendeshaji wa bodaboda.

Mwaka wa 1979, huko Miami nchini Marekani, televisheni ilionyesha rada ikiupa mti wa jamii ya minazi kasi ya maili 86 kwa saa, yaani kilomita 138. Nyumba nayo ilipewa maili 28. Hata feni iliyo ndani ya gari la polisi yaweza kuzua tarakimu.

Kwa hiyo pana taratibu. Kabla ya kazi, askari hugonga kijiuma cha chuma chenye meno mawili, ambacho mlio wake ni sawa na kasi fulani iliyoandikwa juu yake, na rada sharti isome kasi hiyo hiyo. Kisha hulitazama gari kwanza na kulikadiria kwa macho. Husikiliza mlio kwa sekunde kadhaa. Ukiyumba, au tarakimu zikirukaruka, kipimo hicho hutupwa. Akisimama kando mno, kosa humfaa dereva: kwa pembe ya nyuzi 20, kasi ya 80 husomeka 75. Vifaa vya leza vina nafuu zaidi, kwani mwale wake, mita 300 mbele, una upana wa takriban mita moja tu.

Sisemi rada zitupwe. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya gari huwa mara nne, na anayevuka barabara pale Malaba ni mtoto wa shule. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa mwendo wa kasi kwa kutegemea tu maoni ya shahidi mmoja. Mbele ya hakimu, dereva ana haki ya kuuliza: kijiuma kiligongwa siku hiyo? Ni magari gani mengine yaliyokuwa mbele ya rada? Mlio ulitulia? Askari aliyefunzwa vyema atakuwa ameyaandika majibu hayo katika daftari lake palepale barabarani.