KARO YA CHUO: PIGENI HESABU KABLA YA KUUZA MBUZI

Watu wa Kuruwitu wanajua kupanga kabla ya kuvuna. Mwaka 2005 walifunga sehemu ya bahari yao, wasivue humo, ili samaki wazaane. Na samaki wakaongezeka. Akili hiyo hiyo yatakiwa mtoto anapopata nafasi ya chuo kikuu.

Mara nyingi mzazi huuza mbuzi au kipande cha shamba alipe muhula wa kwanza, kisha mwaka wa pili mtoto hurudi nyumbani kwa kukosa karo. Shamba likishauzwa halirudi. Basi wazazi, kaeni na mtoto, mchukue karatasi na kalamu, mhesabu miaka yote minne.

Kwanza, tengeni ruzuku na mkopo. Ruzuku hairudishwi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoanzishwa mwaka 1995, hurudishwa pamoja na riba ya shilingi 4 kwa kila 100 kwa mwaka. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Pili, tazameni shilingi, si asilimia peke yake. Mwaka 2023 Serikali ilianzisha utaratibu wa kumsaidia mwanafunzi kwa kadiri ya hali ya kwao, na mwaka 2024 madaraja yalikuwa matano. Katika daraja la tatu, kwa kila shilingi 100 za gharama ya masomo, ruzuku ilikuwa 50, mkopo 30, na mzazi 20. Tuseme masomo ya kwanza ni Sh. 120,000 kwa mwaka: mzazi atoa 24,000, na mkopo ni 36,000. Masomo ya pili ni Sh. 240,000: daraja ni lile lile, lakini mzazi atoa 48,000, na baada ya miaka minne deni ni 288,000 badala ya 144,000, bila riba. Masomo ya gharama si mabaya, ikiwa kazi yake yaweza kulipa deni. Lakini chagueni mkijua.

Tatu, ongezeni chumba, chakula na nauli. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mahali palipokuwa na taasisi ya kilimo kabla ya 2007, na mtoto wa Kuruwitu hufika huko kwa matatu. Akienda Nairobi au Eldoret, atahitaji pesa za safari ndefu kila anaporudi likizo.

Nne, basari iliyopatikana mwaka huu si ahadi ya mwaka ujao. Msiihesabu mara nne.

Tena, utaratibu wa mwaka 2023 ulipingwa mahakamani, na viwango vyaweza kubadilika. Kwa hiyo msifuate hesabu ya mtoto wa jirani. Someni barua ya mtoto wenu. Andikeni vyuo viwili upande kwa upande: ruzuku, mkopo, fedha za mzazi, na matumizi. Kisha ulizaneni ni kipi mtakachoweza kukilipia mpaka siku ya mwisho.