Kuzifungua Picha za Hospitali Katika Tarakilishi ya Nyumbani: Tajriba ya Mlango Kubwa, Mathare

Makala haya yanakusudia kueleza namna faili za picha za kitabibu zinavyoweza kufunguliwa katika tarakilishi ya kawaida ya nyumbani, na kwa nini hugoma kufunguka pale ambapo picha nyingine hufunguka bila taabu. Huenda msomaji akajiuliza mada hii imefikaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Imefika kwa miguu kutoka Mlango Kubwa, Mathare (jina ambalo kila mwanafunzi wa ngeli hutamani kulisahihisha), ikiwa ndani ya bahasha ya kaki.

Mama mkubwa wangu huuza maandazi karibu na Barabara ya Juja. Aliteleza, akaanguka na kujigonga upande wa kushoto wa kichwa. Alipigwa picha ya CT katika hospitali moja ya jijini, akapewa sidii pamoja na karatasi ya maelezo. Karatasi ikapotea nyumbani. Majuma matano baadaye kichwa kilianza kumuuma upya, na daktari mwingine aliyemwona akaagiza aletewe zile picha za kwanza ili azilinganishe na hali ya sasa. Kupigwa picha nyingine ni gharama ambayo maandazi hayawezi kuibeba kwa wepesi.

"Mwanangu, wewe umesoma mpaka unasomea vitabu vya watu waliokwisha kufa," aliniambia. "Hebu nifungulie hii, nami nione kilichomo kichwani mwangu."

Kipakatalishi changu hakina pa kutilia sidii, kama ilivyo kwa vingi vya siku hizi. Nilikwenda saiba, na kijana wa hapo akanihamishia yote yaliyomo katika flashi. Tulikuta folda ndani ya folda, na mwisho faili mia tatu hivi zenye majina kama IM000001, bila kiambishi chochote cha mwisho cha kuonyesha ni za aina gani. Tulipobofya mojawapo, tarakilishi iliuliza ifungue kwa programu ipi. Tulipoichagulia programu ya picha, ikajibu kwamba haiitambui faili hiyo. Kijana akapendekeza tuzipeleke kwenye tovuti moja ya kugeuza faili ili ziwe picha za kawaida za JPEG, na mimi, kwa haraka ya mtu mwenye mgonjwa, nikakubali. Tukachapisha kumi na mbili. Daktari alizitazama kwa adabu, kisha akanirudishia. "Hivi ni vivuli," alisema. "Niletee picha zenyewe."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute kuelewa.

Faili yenye maneno ndani

Picha iliyopigwa kwa simu ni hasa mkusanyiko wa nukta za rangi zilizopangwa safu kwa safu. Faili ya hospitali ni nukta hizo zikiwa zimefungwa pamoja na maandishi marefu kuzihusu. Utaratibu unaotawala faili hizi huitwa DICOM. Chimbuko lake ni kutoelewana kwa mashine: kila kampuni ilihifadhi picha kwa namna yake, na mashine ya kampuni moja haikuweza kusoma kazi ya nyingine. Mnamo mwaka wa 1983, chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani na kile cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha nchi hiyo viliunda kamati ya pamoja. Kamati hiyo ilitoa toleo la kwanza mwaka 1985, la pili 1988, na la tatu, ambalo ndilo lililopewa jina la DICOM, mwaka 1993. Tangu hapo picha iliyopigwa Nairobi inaweza kusomwa Muscat au London bila mkalimani.

Mwanzoni mwa faili kuna baiti 128 ambazo aghalabu huachwa tupu, mithili ya ukurasa mweupe unaotangulia kitabu. Kisha huja herufi nne: D, I, C na M. Programu inayofaa huzitafuta herufi hizo, ikizipata hujua iko nyumbani. Baada yake hufuata vipengele, kila kimoja na anwani yake ya tarakimu. Jina la mgonjwa hukaa kwenye 0010,0010, namba yake ya hospitali kwenye 0010,0020, na tarehe ya kuzaliwa kwenye 0010,0030. Kwenye 0028,0030 kuna umbali kati ya nukta moja na nyingine kwa milimita, na ni kwa sababu ya kipengele hicho daktari anaweza kuvuta mstari juu ya picha na kuambiwa urefu wa kitu kilichomo mwilini. Picha yenyewe huja mwishoni.

Basi tarakilishi ya saiba haikuwa na kosa. Ilipewa kitabu, nayo ikakitafuta kama picha ya ukutani.

Kufungua kwenyewe

Jambo la kwanza ni kuinakili sidii nzima wala si faili moja moja. Miongoni mwa faili hizo mna moja iitwayo DICOMDIR, nayo ni faharasa inayoeleza kila picha ni ya mfululizo upi na inafuata ipi. Ukiiacha nyuma, programu nyingi bado zitaweza kupanga picha kwa kusoma maandishi ya ndani, lakini umeipa kazi ya bure. Sidii nyingi pia huja na programu ndogo ya kutazamia. Ikiwepo, na tarakilishi yako ikiwa ya Windows, huenda usihitaji kitu kingine.

Isipokuwepo, au ikikataa, pakua mojawapo ya zile za bure. Weasis hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. MicroDicom ni ya Windows, na haina malipo kwa asiyefanya nayo biashara. Wenye Mac wana Horos. Ukishaiweka, usibofye faili: fungua programu kwanza, kisha uielekeze kwenye folda nzima. Mimi nilitumia Weasis. Baada ya muda wa kuweka birika jikoni, fuvu la mama mkubwa likajitokeza.

Hofu kwamba tarakilishi ya nyumbani haitauweza mzigo huo haina msingi mkubwa. Picha moja ya CT kwa kawaida ina nukta 512 kwa 512, yaani 262,144, na kila nukta huchukua baiti mbili. Hiyo ni nusu megabaiti. Picha mia tatu ni kama megabaiti 150 tu, na sidii hubeba 700.

Dirisha

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini daktari aliziita karatasi zangu vivuli, nami nawaomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo.

Picha ya CT haihifadhi rangi. Huhifadhi vipimo vya jinsi kila sehemu ya mwili inavyouzuia mnururisho wa eksirei. Vipimo hivyo vimepewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyeiunda mashine hiyo akiwa katika kampuni ya EMI, hiyo hiyo iliyojulikana zaidi kwa santuri. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha jijini London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 Hounsfield alituzwa Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo la kihesabu alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Sehemu ya kisa hiki ni ya Afrika, ingawa hatuisikii ikisimuliwa.

Katika kipimo cha Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Mfupa hupita mamia na kuvuka elfu. Ubongo hukaa karibu na 35, na damu iliyomwagika karibuni huwa karibu na 60. Kwa jumla mashine huweza kuandika ngazi 4,096, ilhali skrini ya kawaida huonyesha ngazi 256 tu za kijivu. Ukizibana zote pamoja, kila ngazi ya kijivu humeza vipimo 16. Tofauti ya 25 iliyopo kati ya ubongo na damu itakuwa ngazi moja au mbili za kijivu, na hakuna jicho litakaloiona.

Daktari huishinda shida hii kwa kufungua kile wanachokiita dirisha. Huiambia programu ipuuze kila kilicho chini ya 0 na kila kilicho juu ya 80, na ile kijivu yote 256 igawiwe kwa vipimo hivyo 80 pekee. Sasa kila kipimo kinapata ngazi tatu na zaidi, na damu inatengana na ubongo kwa ngazi kama 80. Akitaka kuutazama mfupa, hulipanua dirisha na kulisogeza juu. Picha ni ile ile, na kila dirisha huonyesha jambo jingine.

Ile tovuti ya kugeuza faili ilichagua dirisha moja pana, ikazibana picha humo, kisha ikavitupa vipimo vyote. Fuvu lilionekana vizuri sana katika karatasi zangu. Kilichokuwa chini ya fuvu kilikuwa kimefutika, na hakuna programu ya kukirudisha kutoka kwenye JPEG.

Neno moja kwa wanaistilahi. Programu hizi zote nimezikuta kwa Kiingereza. "Dirisha" limetafsirika lenyewe. Kwa kile kipande chembamba cha mwili kinachoonyeshwa na kila picha, nilifikiria "mkato", nikakumbuka kwamba mkato ni alama ya uakifishi. "Tabaka" lina uzito wa kijamii. Nilipomweleza mama mkubwa kwamba kichwa kimeonyeshwa kama mkate uliokatwa, alisema, "Kumbe ni slesi." Sijaona pendekezo bora zaidi.

Faragha ya flashi

Nilirudi saiba siku iliyofuata, nikiwa na aibu. Jina la mama mkubwa, namba yake na tarehe zake vilikuwa bado katika tarakilishi ambayo watu wengi huikalia kila siku, na nakala ilikuwa imekwenda katika tovuti ambayo mimi sijui mwenyewe ni nani. Tulifuta tulichoweza, pamoja na kilichokuwa kwenye pipa la taka la tarakilishi. Kilichokwenda mtandaoni kilikwisha kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, lakini hapo saiba hakuna aliyenipokonya chochote. Nilitoa mwenyewe. Programu ya kutazamia iliyo ndani ya tarakilishi yako haihitaji intaneti ikishawekwa, na kwa hiyo sioni sababu ya mtu kutumia tovuti za kugeuza.

Kufungua na kusoma

Nilizipeleka faili zenyewe. Daktari alizifungua, akalibana dirisha, akapitisha slesi moja baada ya nyingine, akavuta mstari na kusoma milimita. Kulikuwa na utepe mwembamba wa damu ambao mimi, niliyekuwa nimeutazama kichwa hicho usiku kucha, sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimekodolea macho upande usiofaa. Slesi hizi huonyeshwa kana kwamba mtazamaji amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali: kushoto kwake huwa kulia kwa skrini. Aliagiza picha mpya, na safari hii gharama ilikuwa na sababu.

Mama mkubwa aliomba aonyeshwe. Alisogea karibu na skrini, lakini hakukitazama kichwa. Alisoma maandishi ya pembeni, polepole, kwa kidole.

"Hapa wameandika nilizaliwa tarehe moja Januari," alisema. "Mimi nilizaliwa mvua ndefu ikinyesha. Mama aliniambia."

Nilimweleza kwamba makarani huandika hivyo wasipojua siku. Daktari, hata hivyo, alichukua kalamu. Alituambia kwamba mitambo huzikutanisha picha za zamani na mpya kwa kutumia jina, namba na tarehe hiyo, na tarehe zikipishana, mgonjwa mmoja huweza kuhesabiwa kuwa wawili. Akamuuliza ilikuwa mvua ya mwaka gani.