Walinipenda, Wakafeli

Kila tukirudi kutoka BTP mjadala ni uleule. Mpo kantini, foleni ya chai haisogei, mtu anaanza: "Mimi darasa langu lilinipenda bwana, siku ya kuondoka watoto walilia." Mwingine anadakia: "Kulia siyo ishu. Walielewa?" Hapo ndipo kundi linapogawanyika. Upande mmoja unasema ualimu ni uhusiano: mwanafunzi akikupenda wewe, na somo lako atalipenda. Upande wa pili unasema ualimu ni nondo: kama kichwani hamna kitu, tabasamu halitamfundisha mtoto logi.

Mwaka jana nilikuwa upande wa kwanza, tena mstari wa mbele. Makala hii ni ya kueleza kwa nini nimehama, na kwa nini hata huko kwa pili sijafika moja kwa moja.

Nilipangiwa sekondari ya kata, hisabati, Kidato cha Kwanza, watoto 58 katika chumba kimoja. Wiki ya kwanza nilishajua majina ya karibu nusu yao. Fimbo sikushika. Jioni nilicheza nao mpira, asubuhi niliwatania mashabiki wa Simba na Yanga, na nikiingia darasani ilikuwa ni shangwe. Ofisini walimu walisema nimekuja kugombea udiwani.

Wiki ya tatu tulikuwa tunarudia sehemu kabla ya jaribio. Nikaandika ubaoni 2¼ ÷ ½. Nikaonyesha hatua: badili 2¼ iwe 9/4, alama ya kugawanya iwe ya kuzidisha, sehemu ya pili ipindue. Jibu 4½. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye siku zote alikuwa kimya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tumegawanya, mbona jibu limekuwa kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo? Na kwa nini tunapindua?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa BTP nzima, na sikuwa na jibu. Nimesoma hisabati mpaka chuo, mitihani nimefaulu, lakini hakuna siku niliyowahi kujiuliza kwa nini tunapindua. Nikafanya nilichokuwa nakiweza: "Ukiona mwenzako amepinduka, na wewe pinduka, usiulize!" Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akakaa.

Jaribio likaja. Watoto 33 kati ya 58 walikosa swali la kugawanya sehemu. Kuna waliopindua sehemu ya kwanza, kuna waliopindua zote mbili, na kuna waliopindua hata kwenye hesabu za kuzidisha. Walifanya nilichowaambia. Walipinduka.

Nikaenda kulalamika ofisini kwamba hawa watoto msingi wao mbovu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati, mama wa makamo, ambaye wanafunzi walimwita mnoko. Aliacha kusahihisha, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo mbili na robo gawanya kwa nusu, nipe hadithi yake. Kitu cha nyumbani au cha dukani." Nikajibu haraka: "Madamu, kuna chapati mbili na robo, watu wawili wanagawana nusu kwa nusu." Akatabasamu. "Hapo umegawanya kwa mbili. Kila mtu anapata moja na kipande kidogo. Ubaoni uliandika nne na nusu. Chapati zimezaliana zikiwa mezani?"

Kisha akaeleza. Una lita mbili na robo za mafuta ya kula, unauza kwa kipimo cha nusu lita. Utapata vipimo vingapi? Lita mbili zinatoa vinne, ile robo inatoa nusu ya kipimo. Jumla vinne na nusu. Jibu limekuwa kubwa kwa sababu hatuhesabu tena lita, tunahesabu vipimo, na kipimo ni kidogo kuliko lita. Na kule kupindua? Kila lita moja ina nusu mbili ndani yake, kwa hiyo ukizidisha idadi ya lita kwa mbili umepata idadi ya vipimo. Kipimo kikiwa robo lita, kila lita ina vinne, unazidisha kwa nne. Basi. Dakika tatu, hakuna muujiza.

Niliporudi chuo nilikutana maktaba na kitabu cha Liping Ma cha mwaka 1999, nikagundua kwamba sikuwa peke yangu. Ma aliwapa walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China hesabu ya ukoo mmoja na yangu, 1¾ ÷ ½, akawaomba wakokotoe halafu watunge hadithi inayoiwakilisha. Walimu wa China walikuwa 72. Wote walikokotoa sawasawa, na 65 walitunga hadithi sahihi. Wamarekani walikuwa 23, chini ya nusu walipata jibu kamili, na ni mmoja tu aliyetunga hadithi iliyobeba maana ya hesabu yenyewe. Wengi waliteleza palepale nilipoteleza mimi: kuchanganya kugawanya kwa nusu na kugawanya kwa mbili.

Kilichonishtua zaidi ni miaka ya shule. Walimu wa Marekani walikuwa wamesoma miaka 16 hadi 18. Wale wa China walikuwa na miaka 11 au 12 tu, mafunzo ya ualimu yakiwemo. Kumbe "kujua somo" siyo idadi ya kozi ulizopita.

Sasa turudi kantini. Wenzangu wa upande wa uhusiano wana silaha moja wanayoipenda, nami niliitumia sana: John Hattie. Mwaka 2009 alichapisha kitabu kilichojumlisha matokeo ya tathmini zaidi ya 800 za utafiti, akayapanga mambo yanayogusa ufaulu kwa ukubwa wa athari. Wastani wa yote ulikuwa 0.40. Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ulipata 0.72. Ujuzi wa mwalimu katika somo lake ulipata 0.09. Ukisoma namba hizo kama matokeo ya mechi, mjadala umeisha.

Lakini tuulize: huo "ujuzi wa somo" ulipimwaje? Katika tafiti nyingi za zamani ulipimwa kwa vitu vinavyohesabika kirahisi, kama idadi ya kozi za chuo au aina ya cheti. Kwa kipimo hicho mimi ni mwalimu mzuri wa sehemu, maana kozi za hisabati ninazo kibao. Hakuna aliyeniuliza kwa nini tunapindua. Pia tafiti nyingi za aina hiyo zimetoka nchi tajiri, ambako kuna kiwango fulani ambacho walimu karibu wote wamekivuka. Ukilinganisha watu ambao wote wanajua kuogelea, kujua kuogelea hakutaonekana kuwa jambo kubwa. Kwetu hali ni nyingine. Mwaka 2017 watafiti waliotumia takwimu za nchi saba za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, walionyesha kuwa walimu wengi wa shule za msingi hawakuumudu vizuri hata mtaala waliokuwa wanaufundisha. Pale pengo likiwa kubwa hivyo, ujuzi wa somo hauwezi kuwa jambo dogo.

Aliyenisaidia kuelewa ni Lee Shulman, Mmarekani aliyeandika mwaka 1986. Alitazama mtihani wa walimu wa California wa mwaka 1875 akaona umejaa maswali ya masomo, na maswali ya namna ya kufundisha ni machache mno. Akatazama vigezo vya miaka ya 1980, akakuta kinyume chake: namna ya kufundisha imejaa, somo lenyewe limetoweka. Hoja yake ilikuwa kwamba kuna ujuzi wa tatu unaokaa katikati. Ni kujua somo kwa namna ya mtu anayelifundisha: mfano upi unafaa, mwanafunzi ataanguka wapi, na kosa lake limetokana na wazo gani. Mhandisi anaweza kukokotoa 2¼ ÷ ½ bila kufikiri. Mwalimu anatakiwa ajue kwamba mtoto atadhani kugawanya lazima kupunguze, na awe na kidumu cha mafuta tayari.

Je, uhusiano hauna kazi? Una kazi kubwa, na hapa ndipo siafikiani na watu wa nondo. Fikiria yule msichana. Miezi michache nyuma alikuwa anasoma kila kitu kwa Kiswahili, sasa hisabati ni kwa Kiingereza. Yuko katikati ya wenzake 57. Pengine amepitia madarasa ambayo ukikosea unachekwa, au unachapwa. Ili anyooshe mkono na kuuliza kwa Kiswahili chake, lazima awe ameamini kwamba huyu mwalimu hatamwaibisha. Utani wangu, mpira wangu, majina niliyoyakariri, vyote vilichangia kulitoa lile swali. Kwa yule madamu mnoko, huenda lisingeulizwa kabisa. Yeye alikuwa na jibu, mimi nilikuwa na swali, na mtoto hakupata vyote viwili kwa mtu mmoja.

Tena uhusiano ukikosa ujuzi unaanza kufanya kazi mbaya. Kile kicheko kilinificha. Darasa linalokuchukia lingeguna, na ungejua umeharibu. Darasa linalokupenda linakusamehe kabla hujajua kosa lako. Hata sisi tunafanya hivyo kwenye zile fomu za kutathmini wahadhiri mwisho wa muhula: yule aliye poa, anayegawa madesa mapema na kutupigia stori, tunamjazia alama za juu bila kujiuliza tumebaki na nini.

Kwa mnaokwenda BTP mwaka huu, nina mambo matatu. Kwanza, kwenye andalio la somo ongeza mstari mmoja ambao hakuna msimamizi atakayeudai: "Kwa nini?" Kila kanuni unayokwenda kuiandika ubaoni, jiulize mtoto akihoji utasema nini. Pili, usisahihishe kwa vema na kosa tu. Pangeni makosa kwa makundi, maana makosa yanayofanana yana wazo moja nyuma yake, na mara nyingi wazo hilo umelitoa wewe. Tatu, ukishikwa, sema "Sijui, nitaleta jibu kesho," halafu kesho ulilete kweli. Uhusiano unaobeba hilo ni uhusiano wa kweli.

Nililirudia lile somo, safari hii na dumu la maji na chupa ya nusu lita, nikaliomba darasa radhi kwa utani wangu. Wengi walielewa. Yule msichana hakunyoosha mkono siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Siku mbili kabla sijaondoka alinifuata nje ya ofisi, daftari mkononi: "Mwalimu, na hasi mara hasi, kwa nini inakuwa chanya?" Nikamwambia sijui kulieleza vizuri, nitamletea kesho. Usiku ule nilikaa na daftari mpaka saa sita, na asubuhi nilimpelekea.

Wewe unayefunga begi kwenda BTP, ungemjibuje?