Golikipa Aliyevaa Namba 8
Uholanzi ilipokwenda kwenye Kombe la Dunia la 1974, golini alisimama Jan Jongbloed, mwenye duka la sigara Amsterdam, umri miaka 33, anayedaka bila glovu. Namba 8 mgongoni haikuwa kituko chake; jezi ziligawiwa kwa kufuata herufi za majina. Kituko kilikuwa kuteuliwa kwenyewe. Kabla ya mwaka huo alikuwa ameichezea timu ya taifa dakika chache tu, dhidi ya Denmark mwaka 1962, na bado akafungwa. Piet Schrijvers, mdakaji wa kuaminika zaidi, aliwekwa benchi.

Kocha Rinus Michels, hata hivyo, hakuwa anabahatisha. Mabeki wake walipanda mpaka karibu na katikati ya uwanja kutega mtego wa kuotea, na nyuma yao likabaki pengo ambalo pasi moja ndefu ingelitumia. Kipa wa kung'ang'ania mstari asingelifaa, awe hodari namna gani. Jongbloed alikuwa akichomoka hadi nje ya kumi na nane na kuuondoa mpira kwa mguu, kama beki wa ziada. Katika mechi sita kabla ya fainali alifungwa bao moja tu, na hilo Ruud Krol alijifunga mwenyewe dhidi ya Bulgaria.

Wapo watakaosema wapinzani hawakuupata mpira, hivyo kipa yeyote angetamba. Kuna ukweli, lakini mabeki wasingethubutu kupanda vile bila kujua nani analinda mgongo wao. Wengine hukumbusha fainali waliyoshindwa: penalti ya Paul Breitner na shuti la Gerd Müller vilimpita bila yeye kuruka. Hilo halina utetezi; mstarini alikuwa wa kawaida. Wala hakuuvumbua mtindo huo, kwani Gyula Grosics wa Hungaria aliucheza miaka ya 1950. Ila Michels alihitaji macho ya Jongbloed kuliko mikono yake, na macho hayachakai upesi. Katika Kombe la Dunia la 1978 alipoteza nafasi baada ya kufungwa 3-2 na Scotland, akairudia Schrijvers alipoumia dhidi ya Italia, akadaka fainali ya pili, iliyopotea pia. Katika ligi alipita mechi 700, akiwa bado golini kwa Go Ahead Eagles mwaka 1985, na miaka 44, hadi mshtuko wa moyo ulipomstaafisha.