Fahamu Namna Mtambo wa Akiba Unavyopokea Huduma Mtambo Mkuu Unapokwama

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaofuatilia matangazo ya taasisi za umma hukutana mara kwa mara na taarifa kwamba huduma fulani imehamishiwa kwenye mtambo wa akiba, au kwamba itasimama kwa muda mfupi usiku kupisha zoezi la majaribio. Wengi huipita taarifa hiyo kwa kudhani kuwa inawahusu mafundi peke yao. Hata hivyo, mpango unaotajwa humo ndio unaowezesha namba ya kumbukumbu ya malipo kutolewa, kibali cha mzigo kupatikana na kadi ya bima ya mgonjwa kuhakikiwa hata mashine moja inapozimika ghafla.

Makala haya yanaeleza namna mpango huo unavyofanya kazi, sababu zinazoweza kuufanya ushindwe, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia huduma inapohamishwa.

Mitambo miwili, anwani moja

Katika mpango huu taasisi huweka mitambo miwili inayofanana, iwe ni seva, ruta au vifaa vya ulinzi wa mtandao. Mmoja huwa mtambo mkuu unaopokea na kujibu maombi yote. Wa pili ni mtambo wa akiba, ambao huwa umewashwa na uko tayari, ila haumhudumii mtu yeyote kwa wakati huo.

Mitambo hiyo hutumia anwani moja ya pamoja. Simu au kompyuta ya mwananchi hutuma ombi kwenye anwani hiyo bila kujua ni mashine ipi iliyopo zamu. Kwa sababu hiyo, huduma inapohama, mtumiaji halazimiki kubadilisha chochote kwenye kifaa chake.

Ili mtambo wa akiba ujue kuwa mwenzake yupo kazini, mtambo mkuu hutuma ujumbe mfupi kila baada ya muda maalumu. Ujumbe huo unaweza kuitwa ishara ya uhai. Katika utaratibu wa kimataifa wa VRRP, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na unaotumika katika ruta za kampuni mbalimbali, ishara hiyo kwa kawaida hutumwa kila sekunde 1. Mtambo wa akiba ukiikosa kwa sekunde 3 hadi 4, huhesabu kuwa mkuu ameanguka. Papo hapo huitwaa anwani ya pamoja na kuutangazia mtandao wa ndani kuwa maombi yote sasa yaletwe kwake.

Muda huo wa kusubiri hupangwa kwa uangalifu. Ukiwa mfupi kupita kiasi, msongamano mdogo tu kwenye mtandao utatafsiriwa kuwa ni kuanguka kwa mtambo, na huduma itahamahama bila sababu. Ukiwa mrefu mno, wananchi watasubiri kwenye foleni ilhali mashine nzima ipo pembeni haina kazi.

Kumbukumbu lazima zioane

Kuitwaa anwani ni nusu ya kazi. Mtambo wa akiba unapaswa pia kuwa na kumbukumbu zilezile zilizokuwa kwenye mtambo mkuu, vinginevyo mwananchi aliyelipa dakika moja iliyopita ataonekana hajalipa.

Zipo njia mbili za kuoanisha kumbukumbu. Katika njia ya kwanza, mtambo mkuu haumthibitishii mteja muamala wake mpaka mtambo wa akiba nao uwe umeuandika. Hakuna kinachopotea, lakini kila hatua husubiri majibu kutoka upande wa pili. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa umbali wa kilomita 450 hivi, kama ule wa barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kwenda na kurudi huchukua angalau milisekunde 4.5, kabla ya kuhesabu muda unaotumiwa na vifaa vya njiani. Kwa hatua moja muda huo ni mdogo sana, lakini muamala wenye makumi ya hatua huanza kuchelewa.

Katika njia ya pili, mtambo mkuu humthibitishia mteja mara moja, kisha nakala hufuata. Njia hii ni ya haraka zaidi, ila mtambo mkuu ukizimika ghafla, miamala ya sekunde za mwisho inaweza kubaki huko bila kufika upande wa akiba.

Hivyo basi, kila taasisi hulazimika kuamua mambo mawili mapema: huduma inaweza kusimama kwa muda gani, na kumbukumbu za muda gani zinaweza kupotea. Kwa mfumo wa malipo, jibu la swali la pili linapaswa kukaribia sifuri. Kwa tovuti ya habari, dakika chache zinaweza kuvumilika.

Hatari ya kuwa na wakuu wawili

Jambo moja halipaswi kusahaulika: mtambo wa akiba hauoni kifo cha mwenzake, bali husikia ukimya. Ukimya huo unaweza kusababishwa na waya uliokatika katikati, huku mtambo mkuu ukiendelea na kazi kama kawaida. Hapo mitambo yote miwili hujiona mikuu, na kila mmoja huandika kumbukumbu zake.

Oktoba 21, 2018, kampuni ya GitHub ya Marekani, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu za kompyuta duniani, ilikumbwa na hali ya namna hiyo. Wakati wa matengenezo ya kawaida, mawasiliano kati ya kituo chake kikuu cha data na kitovu cha mtandao vya pwani ya mashariki yalikatika kwa sekunde 43. Mfumo wa kujiendesha ulihamishia ukuu wa kanzidata pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporejea, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwingine hakuwa nayo. Kampuni iliamua kulinda usahihi wa kumbukumbu kabla ya kasi, na huduma zake zilibaki na kasoro kwa saa 24 na dakika 11.

Kinga ya hatari hiyo ni kanuni inayofahamika katika vikao vyetu, nayo ni akidi. Huwekwa shahidi wa tatu, mahali tofauti na mitambo hiyo miwili. Mtambo haujitwalii ukuu mpaka upate kauli ya wawili kati ya watatu. Uliobaki peke yake hujiondoa kazini, hata kama ni mzima.

Akiba isiyojaribiwa

Hatari nyingine ni ya mtambo wa akiba kutopokea kazi kabisa. Oktoba 1, 2020, katika Soko la Hisa la Tokyo nchini Japani, kifaa kimoja cha kuhifadhi data kilipata hitilafu ya kumbukumbu. Kifaa cha pili kilikuwepo, lakini uhamishaji haukufanyika kwa sababu ya namna kifaa kilivyokuwa kimepangiliwa. Biashara ya hisa ilisimama siku nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu soko hilo liingie kikamilifu kwenye biashara ya kielektroniki mwaka 1999. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo, mkuu wa soko hilo, Koichiro Miyahara, alijiuzulu.

Tukio hilo linaonesha kwa nini taasisi hufanya mazoezi ya kuhamisha huduma kwa makusudi. Mtambo mkuu huzimwa, mafundi hupima muda wa kuhama, hukagua kumbukumbu, kisha huirejesha huduma ilikotoka. Kazi hiyo hufanyika usiku kwa kuwa watumiaji ni wachache. Usumbufu wa dakika chache uliotangazwa mapema ni nafuu kuliko kugundua kasoro hiyo mchana, wakati hospitali na bandari zinasubiri.

Vilevile, akiba haipaswi kupita njia moja na mkuu. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu siku moja katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Funzo lake linafaa hata kwa ofisi ndogo: laini mbili za intaneti zinazopita kwenye mfereji mmoja zitakatwa na jembe moja.

Mwananchi afanye nini

Huduma inapohama, ombi lililokuwa njiani linaweza kukosa jibu ingawa limepokelewa. Kwa hiyo, mwananchi ambaye malipo yake hayajathibitishwa asilipe tena papo hapo. Atunze ujumbe wa muamala, asubiri kidogo, kisha ahakiki hali ya malipo kwa kutumia namba ileile ya kumbukumbu. Endapo fedha zimekatwa na uthibitisho haujafika, awasiliane na taasisi husika akiwa na ujumbe huo.

Aidha, mwenye jambo lenye mwisho wa muda anashauriwa kulikamilisha kabla ya saa zilizotangazwa kwa ajili ya zoezi. Taarifa inayosema huduma itahamishwa kwa majaribio haimaanishi kuwa mfumo umeharibika, bali kwamba mtambo wa akiba unapimwa kabla ya siku utakapohitajika.