Ni Mdudu Gani Anakula Kahawa Yako?



Tukiona mbawakawa mwenye pembe ndefu kwenye kahawa, wengi twasema tu, "ni yule wa kutoboa." Lakini wako wawili, na kila mmoja ana dawa yake.

1. Mweupe (Monochamus leuconotus). Urefu ni sentimita 3 hivi, mgongo mweupe wenye kahawia nyuma. Buu wake hula chini ya gome karibu na ardhi, kisha huingia shinani. Utaona unga wa mbao chini ya mti, na majani kuwa manjano. Ingiza waya shimoni umuue. Mti uliokwisha haribika, ng'oa uchome.

2. Kichwa-manjano (Dirphya nigricornis). Huyu ni mwembamba. Buu huanza nchani mwa tawi, akishuka huku akitoboa vishimo vilivyojipanga kama vya filimbi. Kata tawi chini ya kishimo cha mwisho, uchome, kabla hajafika shinani.

Ukikosea jina, utakata matawi na huku shina laliwa. Basi piteni shambani mti kwa mti, na mkutano ujao kila mtu alete mdudu wake ndani ya chupa, tumtambue pamoja.