Mchumba wa Ndani ya Simu: Je, Mama, Unamfahamu?

Mama mpendwa, hebu tufikiri pamoja. Ni jioni ya Desemba huko juu Mbaga au Chome. Ukungu umeshuka, makande yanachemka jikoni, na ndugu wa Dar es Salaam wameshapanda mlima kuja kula Krismasi nyumbani. Simu ya binti yako wa kidato cha tatu imeachwa mezani. Mara kioo kinawaka. Maneno ni ya Kiingereza, lakini unaelewa: kijana fulani anasema amemkumbuka na anamsubiri. Moyo unakuruka. Unamwita binti kwa sauti ambayo hata jirani wa bonde la pili anaisikia.

Kabla hujashika fimbo, sikiliza kwanza. Huenda kijana huyo hayupo Same, wala Dar es Salaam, wala popote chini ya jua. Huenda ni mtu wa kuchorwa ndani ya mchezo wa simu, na ujumbe ule umetumwa na mtambo ili mchezaji arudi kucheza. Tunasema huenda, kwa sababu yawezekana pia ni kijana wa kweli. Mama asiyejua tofauti atampiga mtoto asiye na kosa, au atadanganywa kirahisi siku mtoto mwenye siri atakapomwambia kuwa ni gemu tu. Ndiyo sababu tumeona vema tulizungumze jambo hili.

Hadithi ya "Itaendelea"

Wengi wetu tukisikia michezo ya video tunafikiria mpira, magari na bunduki za wavulana. Lakini iko michezo ambayo kazi yake yote ni mapenzi. Mchezaji hukutana na watu, huzungumza nao, huchagua jibu la kuwapa, na mwisho hupendwa au hukataliwa.

Sisi tuliokuwa mabinti miaka ya 1980 na 1990 tusijifanye wageni. Tulisoma hadithi za mapenzi magazetini, tukafika penye utamu tukakuta neno "Itaendelea", tukasubiri gazeti jingine lipande na basi la mlimani. Mchezo wa mapenzi ni hadithi ya namna hiyo hiyo, ila msomaji ndiye anayeamua shujaa aseme nini. Hapo ndipo penye utamu wake, na hapo ndipo penye mtego wake.

Si ya aina moja

Michezo mingi ya namna hii ilianzia Japani. Mwaka 1994 kampuni ya Konami ilitoa mchezo uitwao Tokimeki Memorial, uliolenga vijana wa kiume. Mchezaji ni mvulana wa shule ya sekondari mwenye miaka 3 ya kusoma, kufanya mazoezi na kuwajali wasichana anaofahamiana nao. Akimpuuza mmoja wao kwa muda mrefu, uvumi mbaya huenea na wengine wote humchukia. Akifanya vizuri, siku ya kumaliza shule msichana humngoja chini ya mti na kumwambia kuwa anampenda.

Mwaka huo huo wa 1994 kampuni ya Koei ilitoa Angelique, mchezo uliotengenezwa na kikundi cha wanawake kwa ajili ya wanawake. Aliyetaka kikundi hicho kiwepo ni mama Keiko Erikawa, aliyeanzisha kampuni hiyo pamoja na mumewe. Shujaa ni binti wa shule anayeshindana na mwenzake kuwa malkia, huku wakisaidiwa na walinzi 9 wa kiume. Akikubali penzi la mmoja wao, kiti cha umalkia anakiacha. Michezo ya aina hii Wajapani huiita otome, maana yake mwanamwali. Lakini jina lisikudanganye: wengi wanaoicheza ni wanawake wazima wenye kazi zao.

Aina ya tatu itamfurahisha mkulima wa tangawizi wa Mamba. Ni michezo ya shamba, ambamo ndoa ni sehemu tu ya maisha. Harvest Moon ilitoka Japani mwaka 1996. Stardew Valley, iliyotengenezwa na Mmarekani mmoja peke yake, Eric Barone, ilitoka mwaka 2016 na imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Mchezaji hurithi shamba la babu yake, hulima, hufuga, na huwapelekea majirani zawadi. Kila jirani ana anachokipenda na anachokichukia. Baada ya harusi mwenzi huweza kumwagilia mimea na kulisha mifugo, lakini akipuuzwa upendo wake hupungua. Aina hii huchezwa na wanaume na wanawake, wakubwa kwa wadogo.

Aina ya nne ndiyo inayoingia kwa urahisi kwenye simu za mabinti zetu: hadithi za kuchagua, kama Episode na Choices, zote za Marekani. Kuzipakua ni bure. Binti husoma sura moja, kisha huulizwa afanye nini. Katika Choices jibu la kawaida halilipiwi, lakini jibu tamu, kama kutoka na mchumba jioni au kuvaa gauni zuri, hudai almasi. Almasi za kupewa zikiisha, nyingine hununuliwa kwa fedha halisi.

Ya tano ni ya wachumba wanaoonekana karibu kama watu hai. Mfano ni Love and Deepspace kutoka China, iliyotoka Januari 2024 na kupata wachezaji zaidi ya milioni 50 katika mwaka wake wa kwanza. Mwanamume wa mchezo huo humwita mchezaji kwa jina, hukaa naye anaposoma, hata humkumbusha tarehe za hedhi yake. Kadi zinazofungua mambo mapya hupatikana kwa bahati nasibu, kwa hiyo mtu huweza kutumia fedha nyingi akitafuta kadi moja.

Lipo pia kundi la kuepukwa na watoto kabisa: michezo ya watu wazima yenye picha za uchi. Na usiamini sura ya nje. Doki Doki Literature Club ya mwaka 2017 inaonekana kama hadithi ya wasichana wa shule wanaopenda mashairi, lakini ndani mna kujiua na mambo ya kutisha, na watengenezaji wenyewe wanaonya kuwa haifai kwa watoto.

Kwa nini wanapenda?

Tusiwacheke. Mwanamke mzima anayecheza otome mara nyingi anatafuta kusikilizwa. Nasi tunao wenzetu milimani ambao waume zao wako Dar es Salaam au Arusha wakitafuta riziki, na wengine ambao waume zao wako nyumbani lakini hawazungumzi. Sauti inayouliza "umeshindaje?" ni tamu, hata ikitoka kwenye mtambo. Hadithi ya nusu saa baada ya kazi haivunji ndoa. Lakini mke akianza kumpima mumewe aliyechoka kwa mwanamume asiyechoka kamwe, hapo ameanza kudhulumu. Mwaka 2009 mwanamume mmoja nchini Japani alifanya sherehe ya harusi na msichana wa mchezo uitwao LovePlus. Watu walicheka, lakini nyuma ya kicheko kile ulikuwepo upweke.

Mabinti wana sababu yao nyingine: wanataka kujua. Zamani binti wa Kipare hakujifunza mambo ya uchumba kwa mama. Bibi na shangazi ndio waliomfunda, na kijana alipokuja, mshenga alitumwa na wazee wakauliza habari za ukoo wake, bidii yake na hasira zake. Leo shangazi yuko Tanga au Mwanza, bibi hajui Kiingereza, na mama anaona haya. Nafasi ya shangazi ikibaki wazi, simu huikalia.

Simu inafundisha nini?

Si vibaya vyote. Binti anayesoma sura baada ya sura anapata Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya masomo yake ya sekondari. Anaona pia kwamba msichana anaweza kukataa, na kwamba neno lina matokeo. Mchezo wa shamba unaweza kumfundisha kuwa ndoa haiishii harusini.

Lakini yapo masomo mawili mabaya. La kwanza ni kwamba kupendwa ni kubahatisha jibu ambalo mwanamume anataka kulisikia. Binti aliyezoea hivyo atashindwa kusema hapana kwa dereva wa bodaboda anayempa lifti ya bure. La pili ni kwamba mlango wa upendo hufunguliwa kwa fedha. Wapare wanataniwa nchi nzima kwa kubana shilingi. Hebu utani huo utusaidie hapa. Mchumba anayedai almasi kila anapotaka kutabasamu, wazee wetu wangemrudisha alikotoka.

Tena mchumba wa simu hana ukoo, hana madeni, hana mama mkwe. Haugui, wala hapotezi kazi. Yeye hajampenda binti yako, ameandikiwa maneno. Mwambie binti hilo bila kumdhihaki.

Tufanye nini?

Kwanza, omba uonyeshwe. Kaa naye sebuleni mcheze sura moja pamoja. Mchumba wa mchezo humjibu mchezaji yeyote. Kijana wa kweli hubadilika akijua mama anasoma. Hapo utajua unashughulika na yupi.

Pili, angalia umri. Mahali pa kupakulia programu huandikwa mchezo unafaa kuanzia miaka mingapi. Soma kabla hajapakua.

Tatu, funga mkoba. Weka namba ya siri kwenye manunuzi ya simu, na usimwachie mtoto simu yenye kadi ya benki. Kubalianeni pia kiasi cha bando na saa ya kulala.

Nne, uliza maswali matatu kwa kila mchezo: Umetengenezwa kwa ajili ya nani? Ili upendwe unatakiwa ufanye nini? Na mwisho nani analipa? Binti akiweza kuyajibu, ataweza kumuuliza hata kijana wa kweli.

Tano, mrudishe shangazi kazini. Akiwa mbali, ampigie binti simu. Baba naye asikae pembeni, kwani binti anayesemeshwa vizuri na baba yake hatishwi na sauti nzuri ya mgeni. Na watoto wa kiume tusiwasahau. Nao wanacheza, nao wanahitaji kuambiwa kwamba msichana si zawadi ya mti wa shule.

Kunyang'anya simu ni kazi ya dakika moja, na jirani ana simu nyingine. Kuzungumza huchukua jioni nyingi. Anza na ya leo.